Sinia Juu ya Kidude

Nianze na majina. Ya watu wote waliowahi kukaa mtaa huu ninayo kichwani, kuanzia nyumba ya kona iliyokuwa na kisima hadi ile ya mwisho iliyokuwa na mkwaju nyuma. Ninayo hata ya watoto waliokufa kabla hawajatambaa. Lakini humu sitaandika hata moja. Walio hai sijawaomba ruhusa, na waliokufa nitawaomba wapi. Kwa hiyo nitasema mjukuu wangu, nitasema jirani, nitasema marehemu mume wangu, na utanielewa.

Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye madarasa ya watu wazima, mtoto mgongoni. Sikufika mbali. Kuandika kwangu ni kama kuongea, tofauti yake ni kwamba hapa hakuna wa kunikatiza.

Nyumba yangu ni ya Kiswahili, korido katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma, baraza mbele. Kariakoo nyumba hizi sasa ni za kuokoteza. Kushoto kwangu ghorofa, kulia ghorofa, mbele ghorofa. Jua linaingia uani mchana tu, likishapita utosini ndiyo basi tena, kivuli mpaka magharibi. Madalali wanakuja kuuliza kama nauza, nawaambia wakawaulize wanangu, na wanangu wanawaambia waje waniulize mimi.

Mlangoni pangu hapakauki watu. Wapagazi wanakaa barazani kupumzisha migongo. Mama wa mkoani anakuja kufunga mizigo yake upya, anavua viatu vya kutokea, anavaa ndala. Spika ya duka la mabegi inatangaza bei tangu asubuhi, hadi maneno nimeyashika. Kila apitaye ananiambia shikamoo bibi, na kabla marahaba haijanitoka mdomoni ameshapita. Asiyejua akiniona atasema huyu bibi ana watu. Ninao, kama jiwe la mtoni lilivyo na maji.

Alasiri huwa nachambua mchele uani huku nikiwataja wale wa zamani. Naanzia nyumba ya kona. Nataja jina, nanyamaza kidogo, nataja linalofuata. Sina maana yoyote kubwa, naogopa tu nikiacha nitaanza kusahau. Wa kuitika hayupo, na hilo nalijua.

Sasa mjukuu wangu. Ni mtoto wa mwanangu wa mwisho, yule anayekaa Kibaha. Anasoma chuo kikuu, mambo ya kompyuta na mawasiliano. Mimi na yeye tunataniana kama bibi na mjukuu wa kike wanavyotaniana huku pwani, kwamba sisi ni wake wenza, na mume wetu ni marehemu babu yake. Zamani alikuwa haji sana. Idi, msiba, basi. Mwaka juzi, mvua za vuli zimekaribia, akaingia na begi mgongoni na boksi kubwa mikononi.

"Shikamoo, mke mwenzangu."

"Marahaba. Umekuja kuchukua zamu yako? Umechelewa, mume mwenyewe hayupo."

Akasema amekuja kukaa, kama namkubalia. Kazi yake ya kumalizia chuo iko hapa hapa Kariakoo, na kutoka bwenini kila siku ni mbali. Nilimwambia nitafikiria. Wakati nasema hivyo nilikuwa nimeshachukua ufagio naelekea chumba cha pembeni.

Jioni ile akafungua boksi. Ndani mlikuwa na vidude vyeupe, kila kimoja ukubwa wa kibweta cha sabuni, vina mikia ya waya. Akanieleza, na nilimwelewa, kwa sababu alinieleza polepole bila kunidharau. Vidude vinafungwa kwenye mitaro na karibu na chemba. Maji yakianza kupanda, kidude kinahisi. Kikishahisi kinamwambia mwenzake wa karibu, bila waya, yule anamwambia wa mbele yake, hivyo hivyo mdomo kwa mdomo hadi habari inafika kwa mkubwa wao. Huyo mkubwa ndiye mwenye laini ya simu, ndiye anayewatumia watu ujumbe kwamba maji yanakuja, inueni vitu. Watu wa Kariakoo wanajua ninachosema. Mvua ikipiga na chemba zikifurika, duka la chini linageuka bwawa, na mtu anaangalia mtaji wake unaelea.

Shida ni kwamba vidude ni vichache na mitaa ni mingi. Na kila kimoja sauti yake haifiki mbali, ghorofa likisimama katikati inakufa kabisa. Ukivibananisha, mitaa mingine inabaki bila mlinzi. Ukivitawanya, havisikiani. Sasa viwekwe wapi na wapi?

Nikamwambia si uzunguke uangalie kwa macho. Akasema njia za kuvipanga ni nyingi mno, hata kompyuta ikianza kujaribu moja moja haitamaliza mpaka tuzeeke.

"Mimi nimeshazeeka," nikamwambia. "Jisemee mwenyewe."

Basi, akasema, ndiyo maana watu wa fani yake wameamua kuiga viumbe. Viumbe wadogo wana matatizo kama hayo na wanayatatua bila shule. Uani pale pale, karibu na jiko la mkaa, punje za sukari zilikuwa zimemwagika na sisimizi walishazipata. Akachuchumaa, akaniita. Miguu yangu haipendi kuchuchumaa, nikavuta kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, nikakalia.

Akaniambia niangalie. Hakuna anayewaamrisha. Kila mmoja akipita anaacha harufu chini. Aliyebahatisha njia fupi anarudi mapema, anapita tena, na wenzake wanamfuata, harufu inazidi. Njia ndefu harufu yake inakauka kabla haijapitwa tena.

"Ikishakauka?" nikamuuliza.

"Wanaiacha, bibi. Na lazima ikauke. Isipokauka watang'ang'ania ile ya kwanza waliyoipata hata kama ni mbaya."

Nikatazama mlango wangu wa uani, nikatazama kuta.

Ndani ya kompyuta yake alikuwa amefuga sisimizi wasioonekana, wengi, wanatembea kwenye ramani ya Kariakoo usiku na mchana, wanajaribu kidude hiki hapa, kile pale. Mpangilio mzuri unapata harufu, mbaya unakauka. Wenzake chuoni, aliniambia, kuna wanaotumia nyuki, kuna wanaotumia makundi ya ndege, na mmoja anatumia mbwamwitu. Hapo nilicheka. Nikamwambia kama ni Dar es Salaam wangetumia kunguru, hakuna anayejua mapaa ya mji huu kama kunguru.

"Wapo wanaotumia kunguru," akasema. "Kweli bibi, sikutanii."

"Basi waangalie wasije wakaviiba hivyo vidude."

Wiki zile sijui niziandike vipi. Asubuhi anatoka na vidude vyake, anapita maduka anaomba ruhusa, mmoja anamkubalia, mwingine anamuuliza kama yeye ni mtu wa kodi. Mchana anarudi na vumbi, tunakula. Nilianza tena kupika wali wa nazi siku za kawaida. Nilikuwa na mtu wa kumuuliza chumvi imekolea? Mtu mwenye watu nyumbani hawezi kujua hilo swali lina uzito gani.

Siku moja, tukiwa tunamenya vitunguu, nikamuuliza akimaliza itakuwaje. Akasema vile vidogo havihitaji mtu, vikishafungwa vinaangaliwa kutoka mbali, kwenye kompyuta. Isipokuwa yule mkubwa mwenye laini. Huyo anataka umeme wa ndani, anataka mahali pa salama, na kila wiki lazima mtu aje amkague, angalau kwa mwaka mzima.

"Na huyo mtu ni nani?"

"Ni mimi, nani mwingine."

"Na mkubwa atakaa wapi?"

"Watakaposema sisimizi."

Hapo ndipo jambo hili lilipoacha kuwa la chuo likawa langu. Mkubwa akikaa kwangu, mjukuu wangu atakuja kila wiki. Akikaa kwingine, atamaliza, atabeba begi lake, na mimi nitarudi kwenye mchele wangu. Sikumwambia. Ila kesho yake nilifua pazia la chumba cha pembeni, nikamwita fundi akatengeneza swichi iliyokuwa inatoa cheche. Alipouliza fundi wa nini, nikasema swichi mbovu ni hatari.

Kabla ya kuamua, kulikuwa na majaribio. Alifunga vidude sehemu kadhaa ili sisimizi wake wajue wapi panasikika na wapi hapasikiki. Kimoja akakifunga uani kwangu, ukutani, juu ya mfereji wa maji machafu. Akaniambia, bibi, hiki hakina shida, kiache tu kilivyo. Kisha akaenda chuo kufanya mtihani, akaniachia nyumba na kidude.

Mvua ikaja siku ile ile. Mvua ya vuli, yenye upepo, inanyesha kwa ubavu. Nikasimama mlangoni nakiangalia kidude kinapigwa. Kina ganda la plastiki, sawa, lakini plastiki ni plastiki. Nikawaza, hiki ndicho kinachotakiwa kusema neno zuri juu ya nyumba yangu, nami nimekiacha mvuani kama mbuzi wa kuokotwa. Kwetu mgeni hakai mvuani. Hata redio ya marehemu mume wangu nilikuwa naifunika kitambaa cha kufuma, na redio haikuwa na kazi kubwa hivyo.

Nikaenda ukuta wa jikoni, nikalitungua sinia.

Sinia lile ni la aluminiamu, pana, likilala chini watu wazima wanakaa kulizunguka magoti yakigusana. Mwezi wa Ramadhani baraza la nyumba hii lilikuwa halitoshi. Kila nyumba ilitoa sinia lake, wanaume wanafuturu nje, wanawake uani, mpita njia akivutwa mkono anakaa. Sinia langu lilikuwa linapitwa na mikono mingi, mikono ya wale wale ninaowataja alasiri. Mmoja alikuwa na tabia ya kusukumia nyama upande wa watoto akijifanya haoni. Mwingine ukimgeuzia jicho tu, samaki wako hayupo. Wakahama mmoja mmoja, nyumba zikauzwa, wengine tukawasindikiza makaburini. Mtu mmoja halili kwenye sinia, chakula kinaonekana kama kimepotea. Nikahamia kwenye kibakuli, sinia likabaki kwenye msumari.

Basi nikalifuta vumbi, nikaliegemeza ukutani likakifunika kidude chote, nikalifunga kwa kamba lisiangushwe na upepo. Nikarudi nyuma kutazama. Nilifurahi. Nikaona nyumba imejikaza.

Mjukuu wangu aliporudi hakupitia uani. Alikaa kitandani na kompyuta yake, na nikamsikia kimya. Kimya cha mtu anayesoma kinajulikana, na hiki hakikuwa hicho. Nikaenda na chai. Akanionyesha ramani. Mitaa ilikuwa na vitaa vidogo vya kijani, na mistari inatoka kimoja kwenda kingine. Nikatafuta nyumba yangu. Pale palikuwa peusi, kama pengo la jino.

"Sijui kuna nini," akasema. "Tangu siku niliyoondoka hapa kwako hapajatoka sauti. Sisimizi wameacha kupita. Wanaona hapa hakuna mtu."

Alitaka kusema hakuna kitu. Lakini ndivyo alivyosema, hakuna mtu, na mimi ndivyo nilivyosikia. Nikashika kikombe vizuri kisimwagike. Nikamwambia kidude ni kizima, mbona nimekitunza.

"Umekitunza vipi, bibi?"

Nikampeleka uani. Aliliona sinia, akasimama. Akaniangalia mimi, akaliangalia sinia, kisha akakaa chini kabisa sakafuni akaanza kucheka, na kicheko kikaniambukiza kabla sijajua tunacheka nini. Akanieleza baadaye, machozi akiyafuta. Bati na aluminiamu mawimbi hayapenyi. Nyuma ukuta, mbele sinia, yule masikini alikuwa anaita siku zote hizo na sauti yake inamrudia mwenyewe.

"Umemfungia ndani, mke mwenzangu."

"Nimemstiri," nikasema.

Tukalifungua. Akafuta majibu yote ya kwangu, akaanza kupima upya, na hapo nikapata matumaini mengine. Nikajiambia kumbe pengo lile lilikuwa la sinia, si la nyumba. Sasa watapita.

Siku ya sisimizi kuamua tulikaa wote wawili chumba cha pembeni, asubuhi, mimi kitandani, yeye kwenye stuli. Alisema si lazima niangalie, ni jambo la kuchosha. Nikasema nina haraka ya kwenda wapi. Akabonyeza.

Mwanzoni mistari ilikuwa kila mahali, hafifu, kama uzi uliomwagika. Nikaona wanapita na kwangu. Mstari ukatoka upande wa Mchikichini ukaingia uani kwangu ukaelekea juu, ukawa mnene. Nilinyamaza nisije nikauharibu. Halafu mwingine ukatokea, unapita ghorofa la mbele, lile la mlango wa bluu. Ikawa huu unazidi na ule unazidi. Kisha wa kwangu ukaanza kufifia. Haukukatika, ulififia tu, polepole, mwishowe nikawa sina hakika kama nauona au naukumbuka. Wa ghorofani ukasimama mnene kama kamba ya kuanikia.

Mjukuu wangu hakugeuka. Akarudia toka mwanzo. Ghorofa tena. Akarudia tena.

Ndipo akageuka. Nadhani alikuwa amejua siku nyingi swichi ile niliitengeneza kwa nini.

"Bibi, tofauti si kubwa," akasema. "Naweza kumweka hapa tu. Hakuna atakayejua."

"Na maji yakija?"

Akakuna kichwa. Huku kwangu ni bondeni na maghorofa yananizunguka, mkubwa akikaa hapa kuna vidude vya mitaa ya chini havitamfikia vizuri. Labda vingefika kwa kuchelewa. Labda siku nyingine visingefika.

Nikamwambia amweke walikosema. Usidhani nilisema kwa upole. Nilisema kwa hasira, nikatoka, nikaenda kuosha sufuria ambalo lilikuwa safi, na sikuongea naye vizuri mpaka jioni. Nilimkasirikia yeye, nikawakasirikia na wale sisimizi wake. Hata wale wa kweli wa uani niliwamwagia maji.

Kesho yake akaniomba twende pamoja kule ghorofani kuomba ruhusa. Mwenye nyumba akimwona na mtu mzima, alisema, hatamdhania tapeli. Tukavuka barabara. Lifti hakuna, nikapanda nikipumzika kila kona, naye ananisubiri. Mlango ukafunguliwa na mwanamke wa makamo, mtu wa kusini kwa lafudhi yake, msalaba mdogo shingoni. Anauza viatu vya mitumba Mchikichini na siku ile alikuwa hajaenda, mguu unamsumbua. Nilimjua mara moja. Si yeye, nguo zake. Kwa miaka nimekuwa nikiziona zimeanikwa pale juu, vitenge vya kijani, shuka lenye maua. Naye akasema ananijua, mimi ni bibi wa baraza, kila asubuhi akitoka ananiona. Miaka yote hiyo, na neno lililopita kati yetu ni lile lile, shikamoo, na mtu ameshapita.

Alikubali bila maneno mengi. Aliuliza tu kama hicho kidude kinakula umeme sana, akaambiwa kidogo. Wakati mjukuu wangu anafunga mitambo yake, mimi nikatoka kwenye varanda. Nikaiona nyumba yangu kwa juu. Sikuwahi kuiona hivyo. Bati lote kutu, limelala chini kabisa kati ya kuta kama kitu kilichoanguka shimoni. Na uani, limeegemea ukuta, sinia langu linang'aa kipande cha jua. Kitu pekee kilichokuwa kinang'aa.

Nilitaka kumuuliza yule jirani jina lake. Aibu ikanishika. Mimi, ninayewajua mpaka waliokufa na utoto wao, nitaanzaje kumuuliza mtu jina baada ya miaka yote tukitazamana? Tukashuka sijauliza.

Mwezi ule ule mjukuu wangu akahama. Chumba akakiacha kimepangwa vizuri kuliko alivyokikuta, na hilo liliniuma zaidi, angeacha hata kanga moja imetupwa. Wiki za mwanzo alikuja kumkagua mkubwa wake, akawa anapitia kwangu kula. Kisha akapata kazi Dodoma, akamwachia mwenzake wa chuo ukaguzi, kijana mwenye adabu ambaye hupanda ghorofani na kushuka, na huku kwangu hana sababu ya kuja. Mjukuu wangu anapiga simu Ijumaa. Ananiita mke mwenzangu. Namwambia mume anakusalimu. Simu ikikatika, spika ya duka la mabegi inaendelea pale ilipoishia.

Kwenye dirisha la ghorofa kuna kitaa kidogo cha kijani kinawaka na kuzima. Nikikaa uani nakiona. Nikawa nataja majina na kukitazama. Kijinga, lakini ndivyo nilivyokuwa nafanya.

Masika ilipoingia, mvua za kwanza zilikuja na kwenda. Halafu ikaja moja, adhuhuri, wali wangu uko jikoni, ikakaza. Nje watu wakaanza kukimbia, wapagazi wakajibana barazani. Sikuwa na wasiwasi, mvua nimeziona. Nikasikia hodi. Nikajibu karibu huku nikijiuliza ni nani huyu, hodi ya kweli mlangoni kwangu, si mtu anayeomba kuweka mzigo.

Alikuwa yule jirani, kitenge kichwani, viatu mkononi, suruali aliyovaa ndani ya gauni ameikunja mpaka magotini.

"Bibi, maji yanakuja. Kimesema. Inua vitu."

Nikamwambia mbona nje bado. Akasema kimesema mitaro ya huko juu imeshajaa, tusibishane. Hakusubiri nimwonyeshe. Akaingia chumbani akalikunja godoro, akalitupa juu ya kabati. Tukabeba gunia la mchele, tukabeba mkaa, tukapanga vyombo vyote vya kabati la chini juu ya meza, vikombe vya harusi yangu, sahani, vibakuli, tukavifunika kwa shuka. Alikuwa anachechemea na mguu wake ule mbaya, na kila nikimwambia apumzike anasema nyie watu wa pwani mnapenda kukaa, maji hayakai. Nikamwambia na nyie watu wa kusini mnapenda kuamrisha nyumba za watu. Alicheka bila kusimama.

Maji yakaja kweli. Yakapanda ngazi ya baraza, yakaingia korido, meusi, yakatufika vifundoni. Sisi tumekaa juu ya kitanda cha kamba, miguu juu, tunayaangalia yanavyozunguka humo ndani kama mgeni anayekagua. Hayakupata cha kuchukua. Nikamuuliza ilikuwaje akaja, maana ujumbe umefika kwenye simu yake, angeweza kukaa juu kwake. Simu yangu mimi, hata kama ujumbe uliingia, ilikuwa kabatini chini ya kanga, na herufi zake ndogo sizioni.

Akasema mjukuu wangu alimwelekeza. Siku ya kufunga mtambo, mimi nikiwa varandani, alimwambia kwa sauti ya chini kwamba nyumba ya bibi ndiyo iliyo chini kuliko zote za hapa, na simu bibi hasomi.

"Alisema njia ya kidude inaishia kwangu, kutoka hapo ni ya miguu," akasema. "Nikamwambia miguu yangu mibovu. Akasema si mbali."

Nilikuwa nayatazama maji.

Yaliposhuka, njaa ilikuwa imetushika. Wali ulikuwa umeiva, jiko lilikuwa juu ya kibaraza cha jikoni halikuguswa. Lakini vyombo vyote vilikuwa chini ya shuka, vimebebana, na kuvifungua ilikuwa kazi nyingine. Nikaangalia ukuta wa jikoni, sinia nilishalirudisha kwenye msumari wake. Nikalitungua sinia, nikalisuuza, nikapakua wali na mchuzi wa samaki, nikaliweka katikati yetu kitandani. Alisita kidogo, akasema kwao wamezoea kila mtu na sahani yake. Nikamwambia leo sahani hakuna. Akanawa. Tukala. Baada ya muda nikaona anasukumia samaki upande wangu, anajifanya haoni.

Hakukaa sana. Alikuwa na matope yake ya kufua na biashara ya kwenda kuangalia. Alipofika mlangoni, viatu mkononi, nikamwambia, mwanangu, tumekaa miaka yote hii, mimi jina lako silijui.

Akanitajia.

Hajawa ndugu yangu, nisije nikakudanganya. Siku nyingine anapita na haraka zake, shikamoo bibi, ameshapita. Mjukuu wangu bado yuko Dodoma na chumba cha pembeni bado kimepangwa. Maji yakija jirani atavuka, nadhani. Alasiri nachambua mchele, nawataja. Naanzia nyumba ya kona ya kisima, nakuja nazo mpaka ile ya mkwaju. Nikifika mwisho nainua kichwa kuelekea lile dirisha, na nikiona vitenge vya kijani vinatunguliwa kwenye kamba, nalitaja na la kwake, kwa sauti. Siku asiponisikia, basi. Siku akinisikia, anaitika.